Fedha za Kupima Matibabu Zimezaa Nini?



Mfanyakazi hulipia matibabu kwa njia nyingi. Wengine hukatwa mshahara kwa ajili ya bima. Wote tunalipa kodi tunaponunua sukari na sabuni. Na dawa zikikosekana kwenye zahanati, tunaingiza mkono mfukoni na kwenda dukani. Kwa hiyo swali la kujua fedha za afya zinanunua nini ni swali letu pia. Si la madaktari na mawaziri peke yao.

Katika makala haya tutaeleza jinsi Uingereza ilivyoanzisha mpango wa taifa wa kupima matibabu, na jinsi mpango wenyewe ulivyokuja kupimwa. Tunaeleza habari za nchi hiyo kwa sababu mpango wake ni wa miaka mingi na hesabu zake zimetolewa hadharani.

TEKNOLOJIA YA AFYA NI NINI?

Wengi wakisikia neno teknolojia hufikiri mashine kubwa za hospitali. Lakini katika kazi hii neno hilo lina maana pana. Kidonge ni teknolojia ya afya. Sindano, bandeji, upasuaji, na hata namna ya kumchunguza mama mjamzito, vyote vimo.

Kutathmini teknolojia hizo ni kuuliza maswali matatu. Kwanza, je, tiba hii inafanya kazi kweli? Pili, inamfaa nani, na inaweza kumdhuru nani? Tatu, je, fedha hizo hizo zingenunua tiba nyingine yenye faida kubwa zaidi?

KWA NINI MPANGO ULIANZISHWA

Huduma ya Afya ya Taifa ya Uingereza ilianza mwaka 1948, na gharama zake hulipwa hasa kwa kodi. Mwaka 1993 ukaanzishwa mpango wa kutathmini teknolojia za afya. Matibabu mengi yalikuwa yakitumiwa kwa mazoea tu, bila ushahidi wa kutosha. Tena makampuni ya dawa huchunguza zaidi yale yanayotaka kuuza. Kampuni haina faida ya kuchunguza kama dawa ya zamani na ya bei nafuu inatosha, au kama upasuaji fulani uachwe. Kazi kama hiyo lazima ilipiwe na umma.

Mwaka 1999 ikaundwa taasisi iitwayo NICE, ambayo huelekeza hospitali kuhusu tiba za kutumia na za kuacha. Taasisi hiyo ikawa inapokea taarifa nyingi kutoka kwenye mpango huu.

MPIMAJI NAYE APIMWE

Baada ya miaka kadhaa likaja swali la haki: mpango unaokula fedha za umma kwa kupima wengine, wenyewe umezaa nini?

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Steve Hanney wa Chuo Kikuu cha Brunel, pamoja na Martin Buxton na wenzao, walitoa taarifa kuhusu miaka 10 ya kwanza. Walitafuta marejesho ya aina tano: maarifa mapya, msaada kwa uchunguzi wa baadaye, mabadiliko katika maamuzi na miongozo, afya bora ya wagonjwa na huduma bora, na mwisho faida kwa uchumi wa nchi.

Ndugu wa mashamba ya chai wataelewa mara moja. Kupanda miche si kuvuna. Kuvuna majani si kuyafikisha kiwandani, na chai iliyo ghalani bado haijanywewa na mtu. Vivyo hivyo, taarifa iliyoandikwa vizuri na kufungiwa kabatini haijamponya mgonjwa hata mmoja.

Waliwaandikia wakuu wa kazi 204 za uchunguzi, na 133 wakajibu. Katika kila kazi 100 zilizojibiwa, kama 73 zilisemwa kuwa zimegusa maamuzi au miongozo. Lakini zilizosemwa kuwa zimebadilisha matendo ya wahudumu zilikuwa kama 42 tu. Tuangalie pengo hilo. Mwongozo unaweza kubadilika ofisini, na wodini mambo yakaendelea kama zamani. Sisi tunalijua jambo hili vizuri: ni mikataba mingapi imetiwa sahihi mezani na haijaonekana kwenye karatasi ya mshahara?

Tena majibu hayo yalitoka kwa watafiti wenyewe, na muuza maziwa hasemi kwamba maziwa yake yamechacha. Kwa sababu hiyo wapimaji hawakutosheka na majibu. Walichagua kazi 16 na kuzifuatilia moja moja, wakitazama ushahidi.

Jambo moja likajitokeza wazi. Taarifa zilizoandikwa kwa ajili ya NICE ndizo zilizogusa maamuzi kwa uwazi zaidi. Sababu yake ni rahisi: alikuwapo mtu anayesubiri jibu, mwenye mamlaka ya kulitumia.

Mwaka 2015 shirika la RAND Europe nalo lilitoa tathmini yake. Lilichukua kazi 10 muhimu na kukadiria faida ambayo ingepatikana kama matokeo yake yangetumiwa kikamilifu kwa mwaka mmoja. Likaona kwamba ikiwa asilimia 12 tu ya faida hiyo ingepatikana kweli, ingetosha kulipia gharama za mpango mzima tangu 1993 hadi 2012. Ni hesabu nzuri, lakini msomaji alishike neno "ikiwa". Faida inayowezekana si sawa na faida iliyokwisha kupatikana.

MIFANO MIWILI

Mfano wa kwanza ni wa magego ya mwisho. Zamani Waingereza wengi walikuwa wakingʼolewa magego hayo hata kama hayaumi, kwa hofu ya matatizo ya baadaye. Mpango ulikagua ushahidi na kuona kwamba kumngʼoa mtu gego zima hakuna msingi wa kutosha. Mwaka 2000 NICE ikaagiza jambo hilo liache kufanywa. Huo ulikuwa ushindi wa wazi. Lakini miaka ilivyopita, baadhi ya madaktari wa meno walieleza kwamba watu wengi walirudi baadaye, wakiwa na umri mkubwa zaidi, meno yakiwa yameoza, wakangʼolewa vilevile. Ndiyo maana haitoshi kupima mara moja na kufunga daftari.

Mfano wa pili unatuhusu sisi tunaofanya kazi na mashine, mapanga na matrekta. Mtu akiumia vibaya, mara nyingi kinachomuua ni kutokwa damu nyingi. Mpango huu ulikuwa miongoni mwa waliotoa fedha za kuchunguza dawa ya zamani na ya bei nafuu, asidi ya traneksamiki, ambayo husaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Uchunguzi uliitwa CRASH-2. Ulihusu majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, na matokeo yakatolewa mwaka 2010. Kati ya majeruhi 1,000 wasiopewa dawa hiyo walikufa 160. Kati ya 1,000 waliopewa walikufa 145. Ni watu 15 waliorudi kwa watoto wao.

Uchambuzi wa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba dawa lazima itolewe ndani ya saa 3 tangu mtu kuumia. Ikichelewa, haisaidii na inaweza kudhuru. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya majeruhi.

SISI TUFANYE NINI?

Nchi zetu hazina fedha kama za Uingereza, lakini kuuliza hakuhitaji fedha nyingi. Wajumbe wetu wanapokaa na mwajiri, na mfuko wa bima au na wakuu wa hospitali, waulize:

1. Fedha zetu zilinunua nini mwaka uliopita, na nani aliamua?

2. Tiba hiyo ilichaguliwa kwa ushahidi gani, au ni kwa sababu muuzaji alifika mlangoni?

3. Mwongozo mpya umefika kwa mganga wa zahanati yetu, au umebaki makao makuu?

4. Nani atarudi kuhesabu kama wagonjwa wamepata nafuu?

Na kamati za usalama kazini ziongeze swali la tano: majeruhi wetu hufika kwa mganga mwenye ujuzi baada ya saa ngapi? Dawa hiyo hutolewa na wauguzi na madaktari waliofunzwa, si na mwenye kisanduku cha huduma ya kwanza. Kwa hiyo gari bovu na barabara mbaya vinaweza kuifanya dawa njema isiwe na maana.

Ndugu, tusikubali kuambiwa kwamba mambo haya ni ya wataalamu tu. Mtaalamu ana kazi yake ya kupima, nasi tuna wajibu wa kudai hesabu. Fedha ni jasho letu, na wanaolazwa kitandani ni sisi na watoto wetu.