KARANTINI SI KUKATA UDUGU



Katika safu yetu ya afya na usafi leo tunazungumzia jambo linalozipa taabu familia nyingi: vipi tuunge udugu pale maradhi ya kuambukiza yanapotulazimisha kukaa mbalimbali?

Sisi watu wa Tabora jambo hili linatugusa sana, kwani jamaa zetu wametapakaa kufuata njia ya kale ya misafara. Mtu ana shangazi Ujiji, mjomba Bujumbura, binamu Kigali na wajukuu Bagamoyo. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Korona, Tanzania haikuwafungia watu majumbani, ingawa shule zilifungwa kuanzia Machi. Lakini Rwanda ilifunga mipaka na kuwataka watu wabaki ndani kuanzia Machi 21, na Uganda ikafuata mwishoni mwa mwezi huo. Ramadhani ikawakuta jamaa zetu wa huko katika hali hiyo. Hakuna kualikana futari wala kwenda kumjulia hali mzee.

Mafundisho ya Uislamu

Mwaka 18 Hijria (639), Khalifa Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni. Baada ya kushauriana na Masahaba aliamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anatoka kwenye Qadar moja kwenda nyingine. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaeleza mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba penye tauni asiingie mtu, na aliyemo asitoke kuikimbia. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Wengi huishia hapo. Lakini wanahistoria wanaeleza kuwa Umar na Abu Ubayda waliendelea kuandikiana barua wakati tauni ikiendelea. Miili ilikaa mbali, habari na huruma zikavuka.

Linganisha na njia yetu ya misafara katika karne ya 19. Ndui na kipindupindu vilisafiri pamoja na wapagazi, na mara nyingi aliyeugua aliachwa kando ya njia, peke yake. Huko ni kumtupa mtu. Karantini ni kuuzuia ugonjwa huku mgonjwa akihudumiwa.

Kwa nini siku zinatofautiana?

Mtu huweza kuwa amekwisha ambukizwa kabla hajaona dalili. Dalili za kipindupindu hutokea kati ya saa chache na siku 5, za Korona hadi siku 14, na za Marburg hadi siku 21. Ndiyo maana Marburg ilipotokea Kagera mwaka 2023, watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Hawakuwa wakiadhibiwa, walikuwa wakilindwa wao na watoto wao.

Nini cha kufanya nyumbani

1. Mgonjwa wa homa ya mafua makali au Korona apewe chumba chenye dirisha wazi. Ateuliwe mtu mmoja mwenye afya njema wa kumhudumia, avae barakoa, na anawe kwa maji tiririka na sabuni kila atokapo. Mgonjwa wa kipindupindu au anayeshukiwa kuwa na Marburg hauguzwi nyumbani. Toeni taarifa kituo cha afya haraka.

2. Chakula kiwekwe mlangoni, na vyombo vyake vioshwe kwa sabuni. Ongea naye ukiwa dirishani.

3. Mpelekeeni simu, chaja na vocha. Pangeni zamu: huyu apige asubuhi, yule baada ya Isha. Wazee wengi hawasomi ujumbe. Wanataka kusikia sauti.

4. Watoto waelezwe ukweli kwa maneno mepesi. Mtoto asiyeambiwa kitu hudhani babu amemkasirikia.

5. Msisambaze habari isiyothibitishwa. Sura ya Hujurat imetuamrisha kuchunguza kwanza.

6. Jirani aliyewekwa karantini na anayeishi kwa kibarua hana kipato. Swadaka yako ya unga na mafuta ndiyo itakayomwezesha kutulia ndani.

Inapotokea msiba

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Maiti wa Marburg huambukiza kupitia majimaji ya mwili, hivyo kumwosha kwa mikono kumewahi kuondoa roho za wengi. Fiqhi ina wasaa: panapokuwa na dharura, wapo wanazuoni walioruhusu tayamamu badala ya kuosha. Waachieni wahudumu wa afya kazi ya kuzika, muulizeni sheikh wenu, na walio mbali wanaweza kumswalia ghaibu kama Mtume (s.a.w.) alivyomswalia Najashi. Rambirambi zitumwe kwa simu, na mchango wa kuwasaidia wafiwa usikatike.

Ndugu msomaji, zamani msafara kutoka pwani ulichukua miezi kufika Tabora. Leo sauti yako hufika Ujiji kwa sekunde. Yule jamaa aliyefungiwa na maradhi, mpigie leo.

Wabillahi tawfiq.