Ufa wa Jumuiya Ulianzia Darasani

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hunijia kila nisikiapo viongozi wetu wakihubiri umoja wa Afrika Mashariki majukwaani, ilhali huku shuleni mambo ni mengine kabisa.

Miaka michache baada ya Soko la Pamoja kuzinduliwa mwaka 2010, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja iliyo karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Asubuhi moja alifika mvulana kutoka ng'ambo, ameandamana na shangazi yake aliyeolewa upande wetu. Alitaka kuendelea na masomo. Alama zake zilikuwa nzuri, na Kiswahili chake kiliwashinda wanafunzi wangu wote. Hata hivyo, aliambiwa kuwa cheti chake ni cha kigeni, sharti kikahakikiwe mjini kwanza. Karatasi zikazungushwa kutoka meza hii hadi ile mpaka muhula ukaisha. Mvulana akarejea kwao kuchunga mbuzi. Wakati huo wote, nyanya zilizovunwa kijijini kwao zilikuwa zikiuzwa katika soko letu bila tatizo lolote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni umoja gani huu unaoipokea nyanya na kumkataa mwanafunzi?

Yafaa turudi nyuma kidogo. Aghalabu wanafunzi hufunzwa kwamba Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Sababu wanazozikariri ni za kweli: Tanzania ilishika Ujamaa huku Kenya ikishika ubepari; majirani walilalamika kuwa Kenya yafaidi zaidi; na baada ya Idi Amin kutwaa mamlaka mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa katakata kuketi naye meza moja. Reli, ndege na posta zikagawanywa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983.

Lakini tazama tarehe nyingine ambazo hazitajwi sana. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam tangu mwaka 1963, kiligawanywa kuwa vyuo vitatu vya kitaifa mwaka 1970. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Kwa hiyo, vijana wetu walikuwa wameacha kusoma pamoja na kutahiniwa pamoja miaka kadhaa kabla ya treni kusimama. Sisemi kwamba hilo ndilo lililoiua Jumuiya. Nasema kwamba palipotokea ugomvi, hapakuwa na kizazi kipya kilichojuana cha kuutetea umoja huo.

Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, imepanuka kutoka nchi tatu hadi nane, Somalia ikiwa ya mwisho kujiunga mwaka 2024. Ukubwa wa familia, hata hivyo, si upendo. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Mnamo Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Rwanda iliufunga mpaka wake na Uganda kule Gatuna kwa takriban miaka mitatu, kuanzia mwaka 2019. Sarafu moja iliyokusudiwa kuanza mwaka 2024 haikuanza.

Wapo watakaosema kwamba vyeti haviwezi kulingana kwa kuwa mitaala ni tofauti. Kweli, Kenya iliacha kidato cha tano na cha sita ilipofuata mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, wakati majirani waliviendeleza. Lakini hatuhitaji mtaala mmoja. Tunahitaji mizani moja ambayo mwalimu mkuu yeyote anaweza kuisoma papo hapo. Mkataba wenyewe wa Soko la Pamoja wazitaka nchi zitambuane vyeti, na mwaka 2017 marais walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Kama jambo hilo lawezekana chuoni, kwa nini lishindikane katika shule ya upili?

Na wenzo tunao. Kiswahili sanifu chenyewe ni tunda la ushirikiano: kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilikisanifisha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kabla hata bendera zetu hazijashonwa. Wakenya wengi walimsoma Shaaban Robert wa Tanga bila kumwona kuwa mgeni.

Walimu wenzangu, hatuwezi kufungua mipaka, lakini twaweza kuwafunza vijana hawa kwamba aliye ng'ambo si mshindani wa kuogopwa. Nanyi wanafunzi, mtakapoambiwa kwamba mahindi au vifaranga vya jirani ndivyo adui, ulizeni maswali. Nasi sote tuwaulize wakubwa lini cheti kitavuka mpaka kama nyanya. Ufa ulianzia darasani, na ni darasani utakakozibwa. Tukichelea kuuziba leo, tutajenga ukuta, na watakaogharimika ni watoto wetu.