Je, Wajua? Ile 46 kwenye betri si ampea

Betri nyingi za magari ya Kijapani, yakiwemo yale makuukuu yanayoteremka kutoka Ugweno hadi barabara kuu pale Kifaru, huchapwa namba kama 46B24L. Wengi hudhani 46 ni ampea-saa. Sivyo, ni daraja la nguvu tu. B ni upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, na L huonyesha vichwa vimekaa upande gani. Hapo ndipo watu huumia: ukibeba ya R badala ya L, waya wa chanya haufiki, na fundi mwenye haraka atauvuta kwa nguvu hadi uchubuke. Ukiona S mwishoni, vichwa ni vinene, klampu zako nyembamba hazitaingia.

Joto la tambarare huichakaza betri kuliko baridi ya mlimani, ingawa gari likigoma asubuhi, baridi ndiyo hulaumiwa.

Kabla ya kununua betri mpya, fundi rewaya apime chaji injini ikiwa inaunguruma. Volti 13.8 hadi 14.4 ni salama. Ikibaki 12.5, mara nyingi mgonjwa ni altaneta, na betri mpya nayo itakufa vilevile.