Kubadili Ndege Bila Kukimbia

Mfanyakazi wa mine anajua neno hili tangu siku zake za kwanza kazini: ajali haianzi pale jiwe linapoanguka. Inaanza asubuhi, wakati mtu anapoingia shimoni bila kuangalia taa yake na bila kupima paa kwa chuma. Safari ya ndege ni vile vile. Mtu anayeachwa na ndege ya pili katika uwanja wa ugenini, mara nyingi alikwisha kuachwa nyumbani kwake, siku ile aliponunua tiketi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Yanonge ana ugonjwa wa moyo. Mtoto wake, mfanyakazi wa mine, amekusanya feza ili ampeleke hospitali ya Delhi, kule India. Safari yao ina viungo vinne: Yanonge mpaka Kisangani, Kisangani mpaka Kinshasa, Kinshasa mpaka Addis Ababa, na Addis Ababa mpaka Delhi. Ni kama mnyororo: kiungo kimoja kikikatika, vyote vinavyofuata havina kazi tena.

Mto kwanza

Kutoka Yanonge mpaka Kisangani ni kilometa kama 60. Mtu anakwenda kwa mtumbwi wa injini, au kwa pikipiki mpaka Lubunga, kisha anavuka mto. Hata hapo hajafika, kwani uwanja wa Bangoka uko nje ya mji, upande wa mashariki. Mvua moja inatosha kuharibu hesabu yote.

Kwa hiyo mgonjwa asitoke Yanonge siku ya ndege. Atoke siku moja au mbili mbele, alale Kisangani kwa jamaa. Msisafiri mtoni usiku kwa sababu ya kuchelewa, na kila mtu avae koti la kuelea. Hakuna ndege inayostahili kufuatwa kwa kuhatarisha roho.

Tiketi moja au mbili?

Hili ndilo swali kubwa la kumwuliza mwuzaji wa tiketi. Kama safari yote imeandikwa katika tiketi moja, na ndege ya kwanza ikachelewa, kampuni ina wajibu wa kukutafutia nafasi katika ndege nyingine. Kama umenunua tiketi mbili mbalimbali, kampuni ya pili itasema tu kwamba hukufika, na feza yako inaweza kupotea.

Ikiwa tiketi ya Kisangani–Kinshasa ni ya peke yake, hesabuni kwamba Kinshasa mtachukua mizigo yenu na kuanza upya kama wasafiri wanaotoka mjini. Msipange kuondoka siku ile ile. Laleni Kinshasa. Gharama ya usiku mmoja ni ndogo kuliko tiketi mpya ya kwenda India.

Angalieni saa zenu

Saa ya Kisangani ni moja na saa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kinshasa iko nyuma saa moja. Ndege ikitoka Kisangani saa 10:00 na kuruka masaa mawili, inatua Kinshasa saa 11:00, si saa 12:00. Hapo unapata saa moja ya bure.

Lakini Addis Ababa iko mbele ya Kinshasa kwa masaa mawili. Huko ndiko kuna mtego. Tuseme ndege ya Delhi inaondoka saa 22:30, maana yake saa nne na nusu ya usiku. Asiyegeuza saa yake anasoma 20:30 mkononi, anajiambia kwamba kungali masaa mawili, anatafuta chai. Wakati huo huo ndege inaondoka.

Tena, watu wa Ethiopia katika maisha ya kila siku wanahesabu saa kuanzia mapambazuko, kama sisi tunavyohesabu kwa Kiswahili. Ukimwuliza mpita njia, anaweza kukujibu kwa hesabu hiyo. Tiketi haifuati hesabu hiyo. Fuata saa iliyo kwenye mbao za uwanja, na ugeuze saa yako mara tu ndege inapotua.

Dakika 90 si dakika 90

Tiketi inasema una dakika 90 za kubadili ndege. Tuhesabu pamoja. Kutoka ndani ya ndege iliyojaa watu kunaweza kula dakika 20. Mlango wa ndege ya pili haufungwi saa ya kuondoka, bali mbele yake, tuseme dakika 20. Zimebaki 50, na ndani yake kuna mstari wa kukaguliwa na mwendo wa miguu. Kwa kijana mzima zinatosha. Kwa mama mwenye ugonjwa wa moyo ni chache. Siku ya kununua tiketi, ombeni masaa matatu au zaidi.

Wakati wa kushuka, fuateni mishale ya abiria wanaobadili ndege: Transfer kwa Kiingereza, Correspondance kwa Kifaransa. Msifuate watu wanaotoka kwenda mjini.

Vitu vinavyokula wakati

Mahali pa kukaguliwa ndipo dakika zinapotea. Viatu vya kazi vyenye chuma mbele vitaipigisha mashine kelele: vaeni viatu vyepesi. Chupa ya maji itachukuliwa: kunyweni maji mbele ya kufika pale. Mafuta ya mawese yasiwekwe katika mfuko wa mkononi, maana katika viwanja vingi kila chupa ya kitu cha majimaji isipite mililita 100. Yafungeni vizuri katika valizi kubwa. Betri za akiba za simu, kinyume chake, zinakaa mkononi, kamwe si katika valizi.

Na neno moja kwa wanaofanya kazi na baruti: msisafiri na nguo au mfuko wa kazini. Mashine za uwanja zinaweza kunusa vumbi la baruti lisiloonekana kwa macho, na maswali yatakayofuata hayaishi kwa dakika 50. Zebaki pia haipandi ndege, hata chupa ndogo.

Mnapotoa valizi, someni karatasi inayofungwa juu yake. Herufi FIH ni Kinshasa, ADD ni Addis Ababa, DEL ni Delhi. Ikiwa imeandikwa FIH tu, valizi itabaki Kinshasa mpaka mwenyewe aichukue.

Pasipoti, viza na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vikae pamoja katika mfuko mmoja. Chanjo hiyo inakubaliwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 kadi yake inadumu maisha yote.

Usikimbie

Sasa tufike kwenye neno la afya. Kisangani na Yanonge ziko karibu mita 400 tu juu ya bahari. Uwanja wa Addis Ababa uko mita zaidi ya 2,300. Hewa ya kule ni nyepesi, na moyo unafanya kazi zaidi hata mtu akiwa amekaa. Mtu wa bondeni anayekimbia pale na mizigo mgongoni ataishiwa pumzi upesi. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye upungufu wa damu au mama mwenye mimba, hii si taabu tu, ni hatari.

Basi, ombeni kiti cha magurudumu kwa kampuni ya ndege siku mbili mbele ya safari. Kwa kawaida hakilipiwi, na mtu anayekisukuma anaijua njia. Mwenye ugonjwa wa chembe mundu, yaani SS, amwone mganga wa hospitali kabla ya kupanda ndege, na anywe maji mengi njiani. Dawa zote, za siku tatu zaidi ya safari, zikae mkononi pamoja na barua ya mganga.

Mkiachwa

Msitoke nje ya uwanja. Msinunue tiketi nyingine kwa woga. Nendeni kwenye meza ya kampuni iliyowaleta, onyesheni tiketi zote, semeni kwamba kuna mgonjwa, na ombeni nafasi, chakula na mahali pa kulala. Namba za simu za hospitali na za jamaa ziandikwe kwenye karatasi, kwa maana simu inaweza kuzimika.

Baba, kabla hujalipia tiketi ya mama yako, keti naye na uhesabu masaa ya kila kiungo, kuanzia mtumbwi wa Yanonge. Ndege iliyokwenda, nyingine itakuja kesho. Mama ni mmoja.