Krismasi ni Sikukuu, si Siku Kubwa

Yapo maneno mawili ya Kiswahili ambayo wanafunzi wangu huyachanganya kila mwaka: "-kubwa" na "-kuu". La kwanza hupima ukubwa wa kitu. La pili hutaja hadhi yake. Mwalimu mkuu aweza kuwa mfupi kuliko walimu wote anaowaongoza. Dodoma ni mji mkuu wa Tanzania, ingawa Dar es Salaam ni mji mkubwa zaidi. Ndiyo maana wenye lugha hawakusema "siku kubwa", bali sikukuu. Wakikuyu nao waliliazima neno hilo, wakalitamka thigũkũ.

Nalitaja jambo hili la sarufi kwa sababu naona kosa la darasani limehamia katika maisha yetu. Kila ifikapo Desemba, Krismasi hugeuzwa kuwa siku kubwa. Katika maduka ya Nakuru, pamba hutandazwa mfano wa theluji, ilhali mji wenyewe uko karibu na Ikweta na jua la kiangazi lachoma. Vipaza sauti havinyamazi. Katika barabara kuu ipitayo hapa Lanet ninakoishi, nauli za kwenda magharibi mwa nchi hupanda, na abiria hulipa, kwani aghalabu aibu ya kufika nyumbani mikono mitupu huwa nzito kuliko gharama. Kisha huja mwezi ambao Wakenya wameubatiza "Njaanuari". Nyuma ya mzaha huo kuna mzazi asiye na karo, na mtoto anayebaki nyumbani wenzake wakirejea shuleni.

Je, nalaani furaha? La hasha! Chapati na nyama vinavyoliwa na ukoo mzima vina baraka yake. Kinachonitia wasiwasi ni kelele zinazotuzuia kusikia.

Krismasi ya mwaka 2007 iliangukia siku 2 kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 27 Desemba. Watu walitakiana heri na amani kama ilivyo ada. Mwezi mmoja baadaye, mwishoni mwa Januari 2008, jirani alimgeukia jirani katika mji huu wa Nakuru, na maelfu ya waliofurushwa makwao wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Neno amani lilikuwa midomoni mwa wengi, lakini mioyoni halikuwa limefika.

Tuirejee basi Injili ya Luka, sura ya 2. Mtoto alilazwa horini. Neno hori halihitaji kamusi hapa Lanet, penye kituo cha utafiti wa ng'ombe wa nyama: ni chombo cha kulishia mifugo. Waliopata habari kwanza ni wachungaji waliokuwa macho usiku. Na walipokuja na kusimulia waliyoambiwa, mama wa mtoto hatajwi akitangaza neno lolote, bali akiyatafakari kimoyomoyo. Pale horini hapakuwa na kikubwa chochote. Palikuwa na kikuu.

Kwenu walimu na wanafunzi mlio likizoni, nina pendekezo. Jioni ya tarehe 24, zimeni redio, televisheni na simu kwa muda wa saa moja. Someni masimulizi hayo kwa lugha mnayoielewa vyema zaidi, mzee aya moja, mtoto aya nyingine, kisha mkae kimya kidogo. Siku ya pili yake, mtembeleeni jirani asiye wa kabila lenu, hata kama hamna cha kumpelekea. Na kabla ya kununua mbuzi, karo ya Januari na iwekwe kando.

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Ikiwa Krismasi yetu yavuma mno, ni vyema tuchungulie ndani tuone iwapo kumesalia kitu.