Mwili wa Mhudumu: Utambuzi wa Mwili na Uchovu Sugu wa Kazi Kibaha na Kisarawe (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza namna uchovu sugu wa kazi ulivyoingia katika elimu ya saikolojia, kuanzia maandishi ya Herbert Freudenberger ya mwaka 1974, aliyewaona watu waliojitolea katika kliniki ya bure ya waraibu wa dawa za kulevya jijini New York wakiishiwa nguvu na ari kidogo kidogo, hadi kipimo cha Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson cha mwaka 1981, kinachoutazama uchovu huo kwa pande tatu: kukauka kihisia, kuwatendea wanaohudumiwa kana kwamba si watu, na kujiona kwamba kazi haizai tena matunda. Ilielezwa pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika ainisho lake la 11 la magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, limeuhesabu uchovu huu kuwa hali itokanayo na kazi ambayo misongo yake haikudhibitiwa ipasavyo, wala si ugonjwa. Tofauti hiyo ni nzito kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu anayeambiwa kuwa ni mgonjwa huachiwa atafute dawa peke yake, ilhali hali ya kazini humgusa pia mwajiri, msimamizi na ratiba ya zamu.

Sehemu hii inahusu mwili, na hasa uwezo uitwao utambuzi wa mwili. Maana yake ni uwezo wa mtu kupokea taarifa zinazotoka ndani mwake, kama mapigo ya moyo, kina cha pumzi, kukaza kwa misuli, njaa, kiu na joto, na kuzielewa wakati zinapotokea badala ya kuzigundua baadaye, zikiwa zimekwisha kuwa maumivu. Mwanafiziolojia wa Uingereza, Charles Sherrington, alizitenga hisia hizi za ndani na zile za macho, masikio na ngozi tangu mwaka 1906, na uchunguzi wa miongo ya karibuni umeonyesha kwamba sehemu ya ubongo iitwayo insula, iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni mwa ubongo, ndiyo hasa inayozikusanya na kuziunganisha na hisia za moyoni kama hofu, huzuni na utulivu. Kwa hiyo anayesema amechoka hutoa hesabu ya mambo mengi ambayo mwili wake umekwisha kuyapima kabla hajasema lolote.

Wahudumu wa afya wamefundishwa kazi hiyo hiyo ya kusoma mwili, ila mwili wa mtu mwingine. Muuguzi wa wodi huhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, hujua kwamba mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20, na hushtuka akikuta 30. Hutazama rangi ya kiganja, hugusa paji la uso, husikiliza sauti iliyobadilika. Muuguzi huyo huyo anaweza kumaliza zamu ya usiku bila kutambua kwamba taya zake zimekazana tangu saa sita, kwamba hajaenda haja ndogo kwa muda mrefu, wala kwamba amekuwa akipumua kwa juu juu, kifuani tu. Si uzembe. Mafunzo na mazingira ya kazi vimemzoesha kuupa mwili wake nafasi ya mwisho, na kujikaza huko husifiwa kuwa ndiyo maadili ya kazi.

Mkoa wa Pwani unafaa kuchunguzwa kwa karibu, kwa kuwa wilaya zake mbili zilizo jirani na Dar es Salaam zinaonyesha sura mbili tofauti za msongo. Kibaha, makao makuu ya mkoa, imekaa juu ya Barabara ya Morogoro, takribani kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Magari yanayokwenda bara, yaani mabasi, malori ya Zambia na ya Kongo, pamoja na bodaboda za Maili Moja na Mlandizi, hupita katika njia hiyo moja, na majeruhi wengi wa ajali zake hufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Kisarawe, upande wa kusini, huanzia kwenye vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, kisha hutandaa hadi kata za mbali kama Mafizi na Vikumburu, ambako zahanati huhudumia vijiji vilivyotawanyika na ambako masika huifanya safari ya kumpeleka mgonjwa wa rufaa kuwa ndefu zaidi kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Msongo wa Kibaha, hasa katika idara ya dharura, ni wa ghafla. Habari inapofika kwamba basi limepinduka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huongeza kasi, pumzi hupanda kifuani, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa na usagaji wa chakula hupungua. Walter Cannon wa Marekani aliyaeleza mabadiliko haya mwaka 1915 kuwa ni matayarisho ya kupigana au kukimbia. Lakini muuguzi na daktari hawapigani wala hawakimbii. Husimama mahali pamoja wakifanya kazi ya vidole: kutafuta mshipa, kushona jeraha, kushikilia shingo iliyovunjika isisogee. Nguvu iliyotayarishwa kwa mwendo haipati pa kutokea, na majeruhi wa mwisho anapopelekwa wodini, kinachofuata si mapumziko bali rejista na mgonjwa anayefuata. Mwili hubaki kama gari lililoegeshwa huku mguu wa dereva ukiwa bado umekanyaga mafuta. Mikono inayotetemeka nusu saa baadaye, hasira ya ghafla kwa ndugu wa mgonjwa, au kushindwa kula chakula cha mchana ni dalili za mwili ambao haujapata kuambiwa kwamba hatari imekwisha.

Msongo wa Kisarawe ya ndani hauji kwa kishindo. Katika zahanati yenye watumishi wachache, mtu mmoja hupima, huchanja, huzalisha, hutoa dawa, hufariji, na jioni hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo visipokamilika humletea maswali kutoka halmashauri. Aliyepewa nyumba ya mtumishi karibu na zahanati hulala akijua kwamba mama mwenye uchungu anaweza kugonga mlango saa nane za usiku, hivyo hulala nusu, sikio likiwa macho. Hapa kemikali inayotawala zaidi ni kotisoli, ambayo kazi yake ni kuuweka mwili tayari kwa muda mrefu, na ambayo isiposhuka kwa mpangilio wake wa kawaida huvuruga usingizi na sukari ya damu. Hans Selye, aliyeandika juu ya msongo mwaka 1936, aliona hatua tatu: tahadhari, ukinzani, kisha kuishiwa. Hatua ya pili ndiyo yenye hila kubwa, maana mtu aliye katika ukinzani huonekana mzima, tena mchapakazi, na huenda msimamizi akamtolea mfano kwa wenzake. Mabega yake yamepanda, kiuno kinauma, kichwa kinamgonga kila alasiri, naye hunywa paracetamol na kuendelea.

Kwa sababu sura za msongo ni mbili, utambuzi wa mwili nao hauna budi kutumiwa kwa namna mbili. Kwa mhudumu wa dharura, lengo la kwanza ni kuufungia mwili tukio lililopita kabla ya kuanza jingine, na njia iliyo karibu kuliko zote ni pumzi. Moyo hupiga haraka kidogo mtu anapovuta pumzi na hupungua kasi anapoitoa, kwa kuwa wakati wa kuitoa neva ya vagasi, ambayo hutoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni, hupata nafasi ya kuutuliza moyo. Anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, akikaribia pumzi sita kwa dakika, huipa neva hiyo kazi yake bila kumeza kidonge chochote. Dakika mbili au tatu hutosha kuona tofauti, sharti kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kishuke hadi tumbo lijae. Pumzi ya kuinua mabega huendeleza hali ile ile inayotakiwa kuondoka.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba wodini hakuna dakika mbili. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake liko kwenye sinki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kunawa mikono kwa sabuni na maji kuchukue kati ya sekunde 40 na 60, na mhudumu hufanya hivyo mara nyingi katika zamu moja. Muda huo tayari ni wa kazi, umeruhusiwa, wala haumwibii mgonjwa kitu. Anayeutumia kuhisi uzito wa nyayo zake sakafuni, ubaridi wa maji viganjani, taya zikiachia na pumzi ndefu ikitoka, ameupata utambuzi wa mwili pasipo kuomba ruhusa wala chumba maalumu. Utaratibu wa namna hii una thamani kuliko semina ya siku tatu hotelini, kwa sababu unarudiwa kila siku mahali pale pale msongo unapozaliwa.

Kwa mhudumu wa zahanati ya mbali, pumzi peke yake haitoshi, maana misuli yake imekwisha kusahau hali ya kulegea. Kinachomfaa zaidi ni mbinu aliyoichapisha Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, mwaka 1929: kukaza kundi moja la misuli kwa sekunde chache, kuliachia ghafla, kisha kukaa kimya kuhisi tofauti, kuanzia miguuni hadi usoni. Siri iko katika kukaza kwanza. Mtu aliyekaza mabega kwa miaka hawezi kuyalegeza kwa kuambiwa tu ayalegeze, kwa kuwa haoni tena kwamba yamekaza. Akiyapandisha kwa makusudi hadi masikioni na kuyaachia, ubongo hupata vipimo viwili vya kulinganisha.

Tawi jingine la elimu hii lilikua Sweden na Norway kwa wataalamu wa fiziotherapia. Gertrud Roxendal wa Sweden, akijenga juu ya mafundisho ya Mfaransa Jacques Dropsy, alitengeneza tiba ya utambuzi wa mwili inayotumia mambo ya kawaida kabisa: kusimama uzito ukigawanyika sawa miguuni, kutembea, kukaa, kutoa sauti, kusukumana viganja na mwenzi. Inastahili kukumbukwa kwamba Kibaha ina udugu wa zamani na nchi hizo. Mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963, na kukabidhiwa serikali ya Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka pamoja shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Shule, shamba na tiba vilitazamwa huko kama kazi moja, na wazo hilo lingefaa kurudishwa katika vyuo vinavyowaandaa matabibu na wauguzi, ambako mwanafunzi hufundishwa anatomia kwa miaka na pengine asiulizwe hata mara moja mgongo wake u hali gani.

Wala jamii ya Pwani haikuhitaji kungoja wageni ili ijue kwamba mwili huhifadhi mzigo. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na kusingwa hadi arobaini yake, na ngoma za uganga za Wazaramo, ambazo mtafiti wa Finland Marja-Liisa Swantz alizichunguza kwa miaka na kuziandikia kitabu mwaka 1970, humweka mwenye taabu katikati ya watu, akiwa na mdundo na mwendo, bila kuachwa na mawazo yake peke yake. Mkunga wa zahanati aliyemzalisha mama huyo hakandwi na mtu.

Kuhusu ushahidi, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 juu ya kuzuia msongo kwa wahudumu wa afya, yaliyofanywa upya mwaka 2023, yanaonyesha kwamba mazoezi ya kuutuliza mwili na akili hupunguza msongo kuliko kutofanya lolote, ingawa tafiti nyingi ni ndogo na zimewafuatilia watu kwa muda mfupi. Mapitio ya mwaka 2015 yalikuta pia kwamba kubadili ratiba za kazi kunaweza kupunguza msongo, na jambo hilo lisifichwe nyuma ya mazoezi ya pumzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Humruhusu mwajiri kuyakatiza tu pale kazi isipoweza kuachwa bila mtu au kufanywa na mwingine. Palipo na muuguzi mmoja, ruhusa hiyo ya dharura hugeuka kuwa desturi ya kila siku. Mwili uliofundishwa kujisikia utasema wazi zaidi kwamba hauwezi, na msimamizi anayehimiza utambuzi wa mwili huku akikataa kusikia jibu lake huwaongezea watumishi wake uchungu. Timu za halmashauri zinapofanya usimamizi shirikishi, daftari la maswali kuhusu dawa, chanjo na MTUHA halingeharibika kwa kuongezewa swali moja juu ya usingizi wa mtumishi.

Tahadhari mbili haziepukiki. Mhudumu aliyeshuhudia vifo vibaya, kwa mfano ajali yenye watoto, anaweza kufunga macho ili atulie na badala yake akaiona picha ile ile. Huyo afanye mazoezi macho yakiwa wazi, mawazo yakielekezwa kwenye nyayo na viganja, si kifuani. Picha hizo, ndoto mbaya na mishtuko vikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, hapo pamepita mahali pa mazoezi na panahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Ya pili ni kwamba si kila moyo unaoenda mbio ni msongo: upungufu wa damu, shinikizo la damu na maradhi ya tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana, na wahudumu ni mahodari wa kujitibu wenyewe kwenye korido. Anayepata maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi apimwe kama mgonjwa mwingine yeyote, kwa faili lake na kwa daktari asiyefanya naye zamu. Sehemu ya tatu itawahusu walimu na maafisa ustawi wa jamii, ambao kazi yao huwadai uso wa utulivu hata pale mwili unapotaka kulia.