Mtoto mgongoni, mkaguzi mbele

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 uwanja wetu wa ndege wa Goma umefungwa. Zamani mama aliyemfuata mume wake Kinshasa alipanda ndege hapahapa mjini, shangazi akimsindikiza. Sasa wengi wetu tunavuka mpaka kuingia Gisenyi, tunamaliza kilomita zaidi ya 150 za kona kupitia Ruhengeri hadi Kanombe kule Kigali, kisha tunabadilisha ndege Nairobi, Addis Ababa au Entebbe. Mtoto mmoja anakaguliwa mpakani, getini kwa uwanja, ndani ya uwanja, na mara nyingi tena pale anapobadilisha ndege. Na watoto wetu mnajua waliyoyaona mwaka ule. Mtu mwenye yunifomu akiwanyooshea mkono, wao hawamwoni mkaguzi, wanamwona mtu mwingine.

Mmoja wetu sisi walimu alisafiri na watoto wawili, mmoja wa miaka 4, mwingine wa miezi 8. Kwenye uwanja fulani aliambiwa aweke kila kitu kwenye beseni, upesi, maana mstari ulikuwa mrefu. Yule mkubwa akanyang'anywa pupe yake ya kitambaa, ikamezwa na mashine. Mtoto akajitupa chini akilia kwamba wamemwua. Mdogo naye akaanza. Mwenzetu anasema hajawahi kuona aibu kama siku ile. Lakini tulipolizungumza kati yetu, tuliona kwamba kilichokosekana ni neno moja tu: hakuna aliyemwambia mtoto kwamba pupe itatokea upande wa pili.

Hapo ndipo sisi wenye kufundisha watoto wadogo tuna la kusema. Mtoto wa umri ule anavumilia mambo mengi, hata sindano, akijua yanaishaje. Basi mwonyesheni mwisho wake nyumbani, wiki moja kabla ya safari. Chukueni meza, tandikeni kitenge juu yake kining'inie pande zote mbili kama pazia, na beseni la kuogea. Pupe inaingia chini upande huu, inatokea upande ule. Mwacheni aisukume mwenyewe, mara kumi akitaka. Kisha mlango wa chumba: mama anapita kwanza, anageuka, anamnyooshea mikono; mtoto anapita peke yake. Baadaye mbadilishane kazi. Mtoto avae kofia ya baba, awe mkaguzi, amsimamishe bibi na kumwuliza kuna nini mfukoni. Akianza kuwagombeza ninyi kwa kuchelewa mstarini, jueni somo limeingia.

Ongezeni na mbwa. Kigali, abiria hushuka garini pale getini na mbwa hunusa mizigo. Mtoto wa Goma anajua mbwa wa kufukuza na mbwa wa kufukuzwa kwa mawe. Aambiwe mapema kwamba yule yuko kazini, hachezewi, na mawe hatupiwi.

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni la mtoto wa mgongoni. Lazima afunguliwe, hata kama amelala. Kitenge kinapita na mizigo, yeye anapita mikononi mwako. Asiwekwe kamwe kwenye mashine ya mizigo, kwa sababu ile inatumia eksirei. Ule mlango wa kupita watu ni kitu kingine: kwa kawaida unatafuta chuma kwa nguvu ya sumaku, hauna eksirei, haumdhuru mtoto wala mwenye mimba. Kwa hiyo siku hiyo acheni bangili, mikanda yenye chuma na viatu vyenye kamba nyingi. Na ikibidi mwili upapaswe, mama ana haki ya kuomba akaguliwe na mwanamke, pembeni, mtoto wake akiwa anamwona. Ombeni kwa upole lakini ombeni.

Maziwa yanawatia wengi wasiwasi bure. Mwaka 2006 polisi ya Uingereza iligundua mpango wa kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, na tangu hapo abiria wa nchi nyingi hawaingii na chupa yenye zaidi ya mililita 100. Lakini maziwa ya mtoto, uji wake, maji ya biberoni na dawa yake huruhusiwa kuzidi hapo, kwa kiasi cha safari. Viwekeni juu kabisa ya sakoshi, mvitoe kabla ya kuulizwa. Wanaweza kufungua, wanaweza kukwambia uonje. Dawa iende na karatasi ya daktari. Anayenyonyesha, yeye amebarikiwa, hana cha kutoa.

Msifunge nguo wala pampers kwenye sashe za plastiki: Rwanda imezikataza tangu 2008 na zinachukuliwa mpakani, nguo zikabaki mikononi. Kwa mtoto anayetapika kwenye zile kona, bebeni kopo lenye kifuniko.

Karatasi, kwa kifupi: pasipoti ya mtoto mwenyewe, kadi ya njano akifikisha miezi 9, na kama baba anabaki, idhini yake iliyoandikwa na kuthibitishwa. Zote kwenye sakoshi moja, shingoni mwa mama, si ndani ya valizi.

Siku uwanja wetu utakapofunguliwa tena, chama chetu kingependa kuwapelekea wahusika ombi dogo: benchi moja la kumvulia mtoto viatu, mkaguzi mwanamke kila zamu, na mstari wa wenye watoto wa mkononi. Walio na maneno ya kuongeza wayalete Jumamosi. Baada ya kikao tutapanga meza na kitenge kwa ajili ya mchezo ule. Wenye safari waje na watoto wao, na wasio na safari walete mabeseni.